Stoo imejaa betri mbovu, simu na TV ya chogo: kipi kiende wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na mwisho wa mwezi tunahamia Kinyerezi. Stoo yangu imejaa. Kuna TV ya chogo ya marehemu mama mkwe, betri ya inveta iliyokufa, simu mbovu kadhaa (moja betri yake imevimba hadi kava limeachia), rundo la nyaya na chaja, balbu za zamani za kuokoa umeme na tyubu mbili, na kopo la betri za rimoti na tochi. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni anataka betri kubwa na TV tu, tena ameniambia nimwage maji ya betri kwanza. Gari la taka linabeba chochote bila kuuliza. Mume wangu anasema tuchimbe shimo nyuma ya nyumba tufukie yote yaliyobaki. Nina watoto wawili wadogo. Nifanye nini?

JIBU: Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kuhama. Nianze na lile la shimo kwa sababu likishafanyika halirekebishiki: msifukie. Maganda ya ndizi ukiyafukia yanaoza na kuwa udongo. Risasi, zebaki na kadimi, metali zenye sumu zilizomo kwenye vitu kama hivi, haziozi. Zitakaa humo humo, na kila masika maji yakipanda yatazisogeza kidogo kuelekea bondeni, na Tabata kama unavyojua inateremkia Mto Msimbazi. Majirani wengi wana visima. Na mtu atakayehamia nyumba hiyo baada yenu hatajua kuna nini chini. Ataona sehemu nzuri yenye udongo laini, atapanda mchicha.

La pili, maji ya betri yasimwagwe. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kati ya vitu vyote ulivyotaja, betri ya inveta ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa wanao.

Betri ya aina hiyo, sawa na ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na yale mnayoyaita maji ni asidi ya salfuriki. Asidi inaunguza ngozi na macho, hilo kila fundi analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba maji hayo hayatoki peke yake. Yanatoka na vumbi laini la risasi lililomeguka kutoka kwenye sahani za ndani, na ukiyamwaga uani, asidi itanywewa na udongo lakini vumbi litabaki juu. Mtoto anayecheza hapo atalipeleka mdomoni kwa vidole. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mtoto haonekani mgonjwa. Anakuwa mzito wa kushika masomo, mkali, asiyetulia, na hakuna anayekumbuka betri iliyomwagwa miaka ile.

Mnunuzi wako hakuambii umwage kwa ubaya. Yeye analipwa kwa mzani wa risasi, na maji ni uzito asiolipwa. Lakini fikiria analipeleka wapi ganda lile. Tunao mfano wa karibu sana. Katika makazi ya Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kupata risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimuuguza mwanawe mchanga bila kujua kinachomsumbua mpaka vipimo vya damu vilipoonyesha risasi. Alipigana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurejesha. Miaka kumi ilipita tangu kiwanda kufungwa, na watoto wa wakati ule sasa ni vijana. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 walikufa watoto 18 kwa sumu hiyo hiyo, na hapo hapakuwa hata na kiwanda; ni kazi ya betri iliyofanywa mitaani na majumbani, na udongo wenye risasi uliochekechwa mikononi.

Kwa hiyo betri yako iondoke nzima, na maji yake ndani. Baadhi ya maduka ya betri za magari na sola hupokea betri kuukuu na kukupunguzia bei unaponunua mpya. Kama mnapanga kufunga inveta Kinyerezi, hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote. Ukimpa mnunuzi, mpe kwa sharti la kuibeba na maji, na umuulize anaiuza kwa nani. Akikwepa swali, usimpe. Mpaka siku hiyo, isimame wima ndani ya beseni la plastiki, vichwa vyake vimefunikwa kwa tepu nyeusi ya umeme, mahali watoto hawafiki. Ukikuta imevuja, vaa glavu za mpira, nyunyiza magadi soda juu ya majimaji hayo hadi povu likome, ndipo ufute kwa matambara. Matambara hayo nayo yafungwe kwenye mfuko, yasifuliwe.

Sasa niseme neno kuhusu huyu mnunuzi wa mkokoteni, maana swali lako lina hofu kidogo juu yake. Usimfukuze. Sehemu kubwa ya urejelezaji katika miji yetu inafanywa na yeye na wenzake, pamoja na wanaookota chupa na makopo, na wanaifanya bila bima wala glavu. Chupa za maji, madumu, ndoo zilizopasuka, mabati, sufuria, fremu za vitanda: vyote hivyo mpe kwa moyo mweupe. Tatizo linaanza pale kitu kinapokuwa na kipande kimoja chenye bei kilichozungukwa na vitu visivyo na bei. Hapo bei huchukuliwa, na sumu huachwa mtaani. Mimi nikikagua stoo ya mtu, hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: je, kitu hiki kikivunjwa kando ya barabara, kitaacha nini nyuma?

TV ya chogo ni mfano halisi. Ndani yake kuna koili ya shaba kwenye shingo ya kioo, na hiyo ndiyo anayoitaka. Ataigonga shingo, ataivuta koili, atachukua waya na chuma kidogo, kisha kile kioo kikubwa kitabaki mtaroni. Kioo hicho kimechanganywa na risasi makusudi, ili kumkinga mtazamaji na mionzi inayozalishwa ndani ya chogo. Zaidi ya hayo, chogo halina hewa ndani, na likivunjwa vibaya vipande hufyatuka kwa nguvu. Kwa hiyo usiibomoe mwenyewe na usiiuze kwa atakayeibomolea barabarani. Je, bado inawaka? Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na wengi walidhani siku ile TV hizi zimekufa, lakini chogo likiunganishwa na king'amuzi linaonyesha kama kawaida. Kama inawaka, mtafutie mwenye kibanda cha kahawa au familia isiyo na TV. Kitu kinachoendelea kutumika hakijawa taka. Kama imekufa, ihesabu pamoja na vile vya kupelekwa kwa mkusanyaji mwenye kibali, nitakavyoeleza mbele.

Nyaya na chaja: shida yake ni moto. Shaba ya ndani ina bei nzuri, na njia ya mkato ya kuipata ni kuchoma plastiki ya nje. Plastiki nyingi za nyaya ni PVC yenye klorini, na ikiungua katika moto mdogo wa wazi inatoa dioksini, kemikali zinazokaa mwilini kwa miaka na zinazohusishwa na saratani. Moshi ule mweusi mzito unaouona jioni mahali fulani, mara nyingi ni huo. Muulize mnunuzi swali moja tu: unachuna au unachoma? Wapo wanaochuna kwa kisu au mashine ya mkono, na shaba iliyochunwa inatoka safi, haijaungua. Huyo mpe zote. Chaja nzima zinazofanya kazi wape watu, maana chaja bado inahitajika katika kila nyumba.

Tuje kwenye simu iliyovimba, na hili lisisubiri kuhama. Lifanye leo.

Betri za simu za sasa ni za lithiamu. Kimiminika kilichomo kikichakaa au betri ikiharibika, kinatoa gesi, nayo haina pa kutokea, ndiyo maana kava limeachia. Gesi hiyo inashika moto, na kimiminika chenyewe kinashika moto. Usiichaji tena, hata kwa dakika moja ili kutoa picha. Usilibane kava lirudi. Na tafadhali, usimruhusu fundi atoboe kwa sindano eti kutoa upepo. Nimeona hilo likifanywa mezani kwa fundi, katikati ya watu, na hakuna kosa baya zaidi ya hilo, kwa sababu sindano inagusanisha tabaka mbili ambazo kazi yote ya betri ni kuzitenganisha. Zima simu. Kama betri ni ya kuchomoka kwa mkono bila nguvu, ichomoe na ufunike vichwa vyake kwa tepu. Kama imegandishwa ndani, iache humo humo. Tafuta ndoo ya bati au sufuria kuukuu, weka mchanga mkavu, laza simu, funika kwa mchanga mwingine. Weka nje kivulini, mbali na jiko, mbali na mtungi wa gesi, mbali na godoro. Ikianza kutoa moshi, toa watu, msiuvute moshi ule kwa kuwa una asidi kali inayochoma mapafu, na pigeni 114, Zimamoto.

Hiyo ndiyo sababu betri ya lithiamu haipaswi kamwe kupanda gari la taka. Ikishindiliwa au kukanyagwa na mtambo inapasuka, na moto unaanzia katikati ya mzigo wa karatasi na plastiki. Na moto huo ukizukia kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi, wapo watu wanaofanya kazi juu ya lundo lile siku nzima.

Simu nyingine zisizovimba, vikiwemo viswaswadu, zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana. Tani moja ya simu ina dhahabu makumi ya mara zaidi ya tani moja ya mawe yanayochimbwa Geita, pamoja na fedha, shaba na paladiamu. Betri zake zina kobalti, ambayo sehemu kubwa duniani inatoka Kongo, kule Kolwezi na Lubumbashi. Ila dhahabu hiyo imetawanyika kwa chembechembe kwenye bodi, na kuitoa kwa usafi kunahitaji mitambo mikubwa ya kuyeyusha yenye vichujio vya moshi. Bodi zinazokusanywa kihalali Afrika mara nyingi husafirishwa hadi mitambo hiyo Ulaya au Asia, mmojawapo ukiwa Hoboken, Ubelgiji. Anayekuambia ataitoa nyumbani kwa asidi na jiko la mkaa, anajiua pole pole yeye na mkewe. Zenye kioo kizima au bodi inayowaka, fundi simu anayeaminika atazichukua kwa spea, na hilo ni jema kabisa. Kabla ya kumpa yeyote, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako ya Google au ya iCloud, kisha rudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Isiyowaka kabisa, na ilikuwa na M-Pesa, picha za watoto na ujumbe wako, usiiuze kwa fundi wa kupita. Iende kwa mkusanyaji anayekubali kukuandikia kwamba itasagwa.

Balbu zile zilizopindapinda na tyubu zina zebaki, kiasi kidogo sana, miligramu chache kwa kila balbu, zikiwa nzima hazina neno. Zirudishe kwenye maboksi yake au zifunge moja moja kwa gazeti. Ikitokea imevunjika wakati wa kuhama, watoto watoke chumbani, fungua madirisha, subirini robo saa. Usifagie kwa ufagio, kwa maana unalitimua vumbi hewani. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu mbili, gusagusa sakafu kwa selotepu ili kunasa vumbi, tia vyote kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, nawa mikono. Mtakapofika Kinyerezi nunueni za LED, hazina zebaki. Za zebaki zinaondoka duniani hata hivyo: nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha utengenezaji na biashara ya tyubu ifikapo mwisho wa 2027, baada ya kukubaliana mwaka mmoja kabla kuhusu hizo balbu ndogo za kupindapinda.

Kopo la betri za rimoti na tochi, hapo nitakutuliza. Nyingi za sasa ni zinki na manganizi, zebaki iliondolewa humo zamani. Zisichomwe, zitalipuka. Zisitupwe chooni, kama wengi wanavyofanya, hasa palipo na kisima karibu. Zisipondwe na watoto wanaotaka ule unga mweusi wa kuchorea. Ziweke kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko na uzipeleke pamoja na vingine. Ikishindikana kabisa, hizi, na hizi tu, naweza kukubali ziende na gari la taka, ilimradi mtaani kwenu taka hazichomwi.

Lakini mwaga kopo hilo mezani kwanza, uangalie kama kuna vile vibetri bapa vya duara kama kifungo, vya saa, rimoti ndogo na midoli inayoimba. Mtoto akimeza kimoja na kikakwama kooni, kinaanza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa mbili, hata kama kwako kilishaisha chaji. Vifunike kwa tepu pande zote mbili na uviweke kwenye chupa yenye kifuniko kigumu, juu kabisa. Ukimshuku mtoto amemeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye eksirei saa ile ile, na ukifika useme kwamba ni betri.

Sasa hicho kinachobaki unakipeleka wapi? Ofisi ya kanda ya NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, inaweza kukuambia nani ana kibali cha kukusanya taka za vifaa vya umeme na taka hatarishi kwa Dar es Salaam. Mkusanyaji wa kweli haoni haya kukuonyesha kibali, na anajibu mara moja ukimuuliza bodi zinaenda wapi na kioo cha TV kinaenda wapi. Anayejua kinapokwenda cha bei tu, ni yule yule wa mkokoteni aliyevaa tai. Wengi hawatafuata boksi moja Tabata, ndiyo maana nakushauri umwone mwenyekiti wa mtaa au kamati ya shule ya watoto, mkusanye vya nyumba nyingi siku moja. Mzigo ukiwa mkubwa, gari linakuja. Wasomaji wa Nairobi wanayo WEEE Centre, kituo cha kurejeleza taka za umeme, na wa Rwanda wanacho kituo cha Bugesera kinachobomoa vifaa hivi kitaalamu. Kenya pia imepitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji na mwingizaji wa bidhaa awajibike nayo hata ikiisha. Kwetu tulionyesha Juni 2019 kwamba mifuko ya rambo inaweza kutoweka madukani kwa amri moja, na ninaamini kwa dhati kwamba duka linalotuuzia simu na betri linaweza kulazimishwa kuzipokea zikifa. Waulizeni wauzaji kila mnaponunua. Wakiulizwa sana watajua ni jambo linalotakiwa. Duniani kote mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62 za taka za umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo, kwa hiyo si Tabata peke yake yenye stoo iliyojaa.

Na kama mwisho wa mwezi utafika kabla hujampata mkusanyaji, basi hama navyo. Najua unataka kuanza nyumba mpya bila takataka za zamani, ila boksi lililofungwa vizuri juu ya kabati halimdhuru mtu, hata likikaa mwaka. Liandike kwa kalamu nene lina nini. Balbu ziwe juu, zisiwekewe kitu. Betri ya inveta isafiri wima ndani ya beseni lake. Ile ndoo ya mchanga yenye simu iliyovimba isipande kwenye lori la vitu. Ipelekeni kwa mkusanyaji mapema, hata kama ni hiyo peke yake, na njiani iwe nyuma ya pikapu iliyo wazi, si ndani ya gari mlimokaa.